Kushindana na Kushindanishwa: Usanii, Uteuzi wa Muziki na Mtazamo wa Kiutamaduni katika Ngoma za Mashindano za Wasukuma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna usanii unavyopimwa katika mashindano, kwa kulinganisha utaratibu wa mbina, yaani ngoma za mashindano za Wasukuma, na ule wa mchezo wa kuteleza barafuni. Hoja kuu ni kwamba tofauti ya msingi kati ya taratibu hizo mbili hubainishwa vizuri na mofolojia ya Kiswahili katika jozi ya vitenzi shindana na shindanishwa. Inahitimishwa kwamba kuihamisha ngoma kutoka uwanja wa kushindana kwenda kwenye jukwaa la kushindanishwa hakubadilishi mwamuzi tu, bali hubadilisha pia kitu chenyewe kinachoamuliwa.

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa ngoma za Afrika Mashariki umeelekezwa kwa kiasi kikubwa kwenye historia na dhima zake za kijamii. Ranger (1975) alionyesha jinsi ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ilivyoenea hadi bara na kuwa chombo cha kugombea hadhi baina ya vikundi kama vile Marini na Arinoti. Gunderson (2010) alikusanya na kuzifafanua nyimbo za kazi za Wasukuma, akadhihirisha jinsi kazi ya jembe, ngoma na ushindani vinavyofungamana. Swali linaloshughulikiwa hapa ni la kiisimu zaidi: je, maneno ambayo wazungumzaji huyatumia kuutaja ushindani wa kisanaa yanafichua nini kuhusu namna wanavyouelewa?

Mahali panapofaa kuulizia swali hili ni mji kama Kahama, na hususan kata yake ya Nyahanga, mkoani Shinyanga. Eneo hili ni makutano ya Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa, na biashara pamoja na dhahabu vimewaleta watu wa asili nyingine nyingi. Mgodi wa Buzwagi, ulio jirani na mji huo, ulifunguliwa mwaka 2009 na ukasimamisha uzalishaji mwaka 2021, lakini mchanganyiko wa watu ulibaki. Mahali kama hapo mcheza ngoma hana hakika kwamba kila anayemtazama anaielewa lugha yake, wala kwamba anaujua mpaka kati ya cheza nzuri na cheza mbaya. Kwa hiyo suala la nani aamue, na aamue kwa kigezo gani, si la nadharia tupu.

2.0 Istilahi: mchezo, ngoma na muziki

Katika mjadala wa mchezo wa kuteleza barafuni, swali moja hurudiwa kila kizazi: je, ni mchezo au ni sanaa? Kiswahili hakilazimishi swali hilo. Kitenzi cheza hubeba maana zote mbili; mtu hucheza mpira na hucheza ngoma, na nomino mchezo hutumika kwa kandanda na kwa tamthilia pia. Mchezaji anaweza kuwa mwanariadha au msanii, na muktadha ndio unaoamua. Hii haina maana kwamba Waswahili hawaoni tofauti kati ya nguvu za mwili na uzuri wa miondoko. Ina maana kwamba lugha haikuona haja ya kuvitenga mapema kabla ya kitendo chenyewe kutazamwa.

Hali kadhalika, neno ngoma hutaja ala, mdundo, uchezaji, na tukio zima linalowakusanya watu. Kisukuma nacho hutumia neno mbina kwa uchezaji na shughuli yake. Neno muziki, kwa upande mwingine, ni la mkopo, na limekuja na dhana ya kitu kinachoweza kutengwa na mwili unaokicheza. Kusema kwamba mchezaji "amechagua muziki" ni kukubali kwamba muziki huo ulikuwapo kabla yake na utaendelea kuwapo bila yeye. Dhana hiyo inalingana na barafu kuliko inavyolingana na uwanja wa mbina.

3.0 Uwanja wa mbina

Mapokeo ya Wasukuma yanasimulia kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walipambana ili ijulikane nani kati yao ana dawa yenye nguvu zaidi. Kutokana nao yalizuka makundi mawili makuu ya ngoma, Bagika na Bagalu, ambayo vikundi vingi vya uchezaji hujinasibisha nayo. Chini ya mwavuli huo hupatikana aina mbalimbali za uchezaji: bugobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha majembe hewani na kuyadaka kwa kufuata mdundo; ngoma za wacheza nyoka; ngoma za wawindaji wa nungunungu; na nyinginezo.

Msimu wa mashindano hufuata mavuno. Mashindano yanayofahamika zaidi leo ni yale ya Bulabo, neno lenye maana ya maua, yanayofanyika Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, wakati wa sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni. Kuimarika kwa sherehe hizo pamoja na kuanzishwa kwa Makumbusho ya Wasukuma mahali hapo kunahusishwa na padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada.

Jambo la kuzingatiwa ni utaratibu wa kuamua. Vikundi viwili vinavyopambana hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wako huru kwenda na kurudi. Kikundi kinachovuta na kubakiza umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Hakuna anayeketi mezani. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu yake, na anaweza kuibatilisha kura hiyo baada ya dakika chache kwa kuvuka tu upande wa pili.

Kutokana na utaratibu huo, usikivu wa mtazamaji haupewi mchezaji kama haki yake. Ndio hasa unaogombewa. Ndiyo maana kiongozi wa ngoma, anayeitwa ningi kwa Kisukuma na manju kwa Kiswahili, huwa mtunzi, mwimbaji na jemadari kwa pamoja. Akiona umati unapungua, hana budi kubadili wimbo, kuongeza kasi ya mdundo, au kutoa kioja kilichohifadhiwa kwa saa ya dhiki.

4.0 Uwanja wa barafu

Katika mchezo wa kuteleza barafuni, kila mchezaji, au kila jozi, huingia uwanjani peke yake. Muziki hurekodiwa na kukatwa mapema ili utoshee muda uliowekwa. Waamuzi hutazama kila mmoja kwa zamu, na kwa hiyo usikivu wao umehakikishwa hata kama onyesho linachosha.

Hadi mwaka 2004, mashindano makubwa yalitumia kipimo ambacho alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0, na kila mwamuzi alitoa alama mbili: moja ya ufundi na nyingine ya uwasilishaji, ambayo awali iliitwa ya mvuto wa kisanaa. Mwaka 1984 mjini Sarajevo, Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean walicheza kwa muziki wa Boléro wa Maurice Ravel, na waamuzi wote 9 wakawapa 6.0 kwa upande wa kisanaa. Lakini mwaka 2002 mjini Salt Lake City uamuzi wa mashindano ya jozi uliingia katika kashfa ya kupeana kura, na hatimaye medali mbili za dhahabu zikatolewa. Utaratibu mpya uliofuata ulivunja onyesho vipande vipande: kila mruko na kila mzunguko una thamani yake, na usanii hupimwa kwa vipengele maalumu. Vipengele hivyo vilikuwa 5, na tangu mwaka 2022 vimepunguzwa kuwa 3: utungaji, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza.

5.0 Kauli za kitenzi na nafasi ya mwamuzi

Mzizi -shind- huzaa shinda, kitenzi chenye mtenda na mtendwa. Kikiongezewa kiambishi cha kutendana hupatikana shindana, ambamo kila mshiriki ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Muundo huu hauna nafasi ya mtu wa tatu. Kikiendelea kunyambuliwa hupatikana shindanisha, na hapo mtu wa tatu huingia: yupo anayewafanya wengine washindane. Kauli ya kutendwa, shindanishwa, humfanya mshiriki kuwa kiima huku mwenye mamlaka akiweza kufichwa kabisa. Sentensi "Vikundi vilishindanishwa" ni timilifu kisarufi, ingawa haisemi ni nani aliyevishindanisha.

Kwa mtazamo huu, Bagika na Bagalu hushindana, ilhali wachezaji wa barafuni hushindanishwa. Tofauti hiyo si ya istilahi peke yake. Inaonekana pia katika malalamiko ya walioshindwa. Katika mbina, anayeshindwa aghalabu hudai kwamba mpinzani wake alitumia dawa ya kuvuta watu. Katika barafu, hudaiwa kwamba waamuzi walikula njama. Kila lalamiko huelekezwa pale ambapo mamlaka ya kuamua yapo: katika macho ya umati, au katika kalamu za wachache.

Yafaa kutahadharisha kwamba ulinganisho huu haukusudii kuutukuza umati. Umati waweza kuvutwa na nyoka mkubwa kuliko na wimbo mzuri, na kikundi chenye ndugu wengi kijijini kina faida ambayo haikutokana na ufundi wake. Hata hivyo, kalamu za wachache nazo hazikuthibitika kuwa salama zaidi, kama mwaka 2002 ulivyoonyesha.

6.0 Uteuzi wa muziki kama hoja

Katika mashindano ya Calgary mwaka 1988, Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki na Debi Thomas wa Marekani waliteua, kila mmoja kwa upande wake, muziki wa opera ya Carmen. Witt alipata dhahabu na Thomas shaba. Tukio hilo linakumbukwa kwa sababu ni nadra katika mchezo huo muziki wa mmoja kuwa jibu kwa muziki wa mwingine. Katika mbina, kujibizana si ajali, bali ndio msingi. Wimbo wa ningi humlenga mpinzani aliye upande wa pili wa uwanja, humkejeli, na hungoja jibu lake. Mkondo huohuo ulionekana mijini katika miaka ya 1990, pale taarabu ya mipasho ilipokuza upinzani kati ya Muungano na TOT, na mashabiki wakafuatilia nani kamjibu nani.

Lugha ya wimbo nayo ni sehemu ya uteuzi. Barafuni, wachezaji mmoja mmoja na wa jozi walikatazwa kutumia muziki wenye maneno ya kuimbwa hadi msimu wa 2014/15. Kwa mtunzi wa Kisukuma, katazo kama hilo lingeiondolea ngoma silaha yake kuu. Lakini mahali kama Nyahanga mtunzi hukabiliwa na tatizo jingine: akiimba Kisukuma, fumbo lake huwa kali ila kwa wachache, akiimba Kiswahili, huwafikia wengi, lakini fumbo hupungua makali. Kila uamuzi una gharama yake, na umati ndio unaoitoza.

7.0 Mcheza kwao

Methali ya Waswahili husema: mcheza kwao hutuzwa. Kwa kawaida hufasiriwa kama wito wa kuipenda asili. Kiisimu, hata hivyo, uzito wake uko katika kimilikishi kwao, kinachotaja mahali pamoja na watu wenye mahali hapo. Kutuza ni kutathmini kwa kitendo, papo hapo, na anayeweza kufanya hivyo kwa haki ni yule anayeijua ngoma.

Upande wa pili wa methali hiyo ulidhihirika mwaka 2010. Warusi Oksana Domnina na Maxim Shabalin waliteua uchezaji wa wenyeji wa asili wa Australia katika msimu ambao washiriki walitakiwa kucheza ngoma ya jadi. Viongozi wa wenyeji hao walilalamika hadharani kuhusu mavazi, michoro ya mwili na muziki. Jozi hiyo ilirekebisha mavazi, ikashiriki Vancouver na kupata medali ya shaba. Walicheza kwa watu, lakini wenye ngoma hawakuwa na nafasi katika meza ya kutuza.

Suala hili halipo mbali na shule za Tanzania. Bugobogobo huchezwa leo na wanafunzi wasiojua Kisukuma, mbele ya waamuzi ambao pengine nao hawakijui, kwa muda uliopimwa na kwa zamu. Hakuna ubaya katika kujifunza ngoma ya jirani. Tatizo ni kwamba katika mazingira hayo jembe linalorushwa na kudakwa hupata alama, bali wimbo unaolirusha hupita bila kusikika.

8.0 Hitimisho

Imebainishwa kwamba kushindana na kushindanishwa ni taratibu mbili zenye usanii wa namna mbili. Utaratibu wa kwanza hukuza uwezo wa kumsoma mtazamaji na kumjibu mpinzani. Wa pili hukuza ukamilifu wa kile kilichoandaliwa. Mwanafunzi aliyefundwa kwa karatasi ya alama pekee aweza kuwa mchezaji hodari sana, lakini hatakuwa ningi, kwa kuwa hakupata kamwe kuona watu wakimpa kisogo na kulazimika kuwarudisha.

Yapendekezwa, basi, kwamba waandaaji wa mashindano ya ngoma wafikirie mambo mawili: kuwaruhusu wapinzani wacheze kwa wakati mmoja walau katika hatua ya mwisho, na kuhakikisha kwamba miongoni mwa waamuzi yupo anayeielewa lugha ya wimbo. Bila hayo, mashindano yatatoa washindi kila mwaka, ilhali hakuna atakayekuwa ameshindana.