Siku Mbili kwa Mtoto Aliye Askari

Somo letu la juma hili lahusu jambo ambalo ni nadra kusikiwa katika mahubiri, ijapokuwa lawagusa wazazi wengi katika nchi yetu. Ni hili: yawapasaje wazazi Wakristo kumtembelea mtoto wao aliyekwisha kuwa mtu mzima, naye yumo katika utumishi wa jeshi? Wengine watasema hapana la kufundishwa hapo, kwa kuwa mzazi hafundishwi njia ya kumwendea mwanawe. Sisi twaona sivyo. Ziara ya siku mbili yaweza kumjenga kijana kwa mwaka mzima, nayo yaweza pia kumwachia jeraha ambalo hatalisema kwa mtu.

Tumtwae kwa mfano mzazi wa Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Nchi ile ni ya migomba, minanasi na mifenesi, nayo si geni kwa habari za vita. Mwaka 1916 majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita pande zile, yakapigana mwezi wa Septemba huko Kisaki, na wana wa nchi wakatwaliwa kuchukua mizigo. Katika Vita Kuu ya Pili (1939–1945) vijana wa Tanganyika walipelekwa hata Burma, na wazazi wao hawakuwa na njia yo yote ya kuwafuata. Walikaa wakingoja barua, na barua nyingine hazikufika.

Leo mambo ni mengine. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka ule, huwaandikisha vijana wa kila mkoa na kuwapeleka mahali po pote nchini. Basi kijana wa Mkuyuni aweza kukaa karibu, huko Ngerengere, au mbali kama Monduli. Hata hivyo njia zipo. Mzazi hupanda gari la alfajiri, akapita Kiroka na Bigwa mpaka Morogoro mjini, na kutoka hapo atapata basi la kwenda anakotaka. Tangu mwaka 2024 ipo na treni ya umeme ya kwenda Dar es Salaam au Dodoma. Huko Marekani wako wazazi wastaafu wanaosafiri kwa magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani yake, wakaegesha jirani na mji wa mtoto wao askari na kukaa naye Jumamosi na Jumapili. Mzazi wetu hana gari la namna hiyo; ana kikapu, mkungu wa ndizi na nanasi mbili tatu. Lakini swali la wote wawili ni moja: Nikifika, nitakuwa nani kwake?

Mafundisho ya Kanisa yatupa jibu lililo wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafafanua amri ya nne kwa kupambanua mambo mawili. Utii wa mtoto kwa wazazi hukoma anapokuwa mtu mzima wa kujitegemea, bali heshima haikomi kamwe. Kwa hiyo mzazi anaposhuka garini asidhani kwamba amekuja kukagua nyumba yake mwenyewe. Amekuja kwa mtu mwenye nyumba. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Askari hana haja ya kumpa mzazi wake jembe, maana siku ya tatu ni Jumatatu, na kengele ya kazi itawatenganisha.

Tazameni kwanza mfano wa mzee Yese wa Bethlehemu, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17. Wanawe watatu wakubwa, Eliabu, Abinadabu na Shama, walikuwa pamoja na mfalme Sauli vitani. Yese mwenyewe alikuwa mzee, hivyo alimtuma Daudi, kijana wake mdogo. Alimpa bisi na mikate kumi kwa ajili ya ndugu zake, na jibini kumi kwa ajili ya jemadari wao. Akamwagiza awaulizie hali, kisha alete ishara ya kwamba wazima.

Katika habari hiyo fupi mna mafunzo matatu. Yese aliitambua mamlaka ya kambi, ndiyo maana hakumsahau jemadari. Leo jemadari hangoji jibini. Anangoja taratibu zake zifuatwe. Mzazi amwarifu mtoto mapema, ili aombe ruhusa. Akifika langoni ajitambulishe kwa mlinzi bila kunung'unika, asipige picha, wala asiulize mambo ya kikosi ambayo mtoto hana ruhusa ya kuyasema. Wala asiombe kombati kuukuu ya kuvaa shambani, kwa sababu sheria yakataza raia kuvaa sare za jeshi, na ombi hilo dogo laweza kumponza mwanawe.

Funzo la pili ni kwamba Yese alipeleka chakula, na alichotaka kirudi ni habari ya uzima tu. Hakuagiza nyara. La tatu ni hasira ya Eliabu. Daudi alipofika, kaka yake alimkaripia, akamdhania kuwa amekuja kutazama vita. Mtu anayeishi katika hatari na amri huwa pengine mkali wa maneno kwa wale awapendao. Kijana akiwa mkimya Jumamosi jioni, au akijibu kwa mkato, mzazi asihesabu mara moja kuwa amevunjiwa heshima. Ampe nafasi alale. Mara nyingi maneno huja asubuhi, wakati wa chai.

Sasa twafikia jambo zito zaidi, nalo ni fedha. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 3, askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Yohane hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaagiza mambo matatu: wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimshitaki mtu kwa uongo, tena watosheke na mshahara wao.

Enyi wazazi, hebu tulitafakari agizo hilo la tatu. Je, askari atawezaje kutosheka na mshahara wake, iwapo sisi tulio nyumbani hatutosheki nao? Twasikia mara ngapi maneno haya: “Huyu yuko serikalini, hawezi kukosa”? Mzazi hufika na kikapu cha ndizi, na chini ya ndizi kuna orodha: mabati ya nyumba, ada ya mdogo wake, deni la dukani, mchango wa arusi ya binamu. Kijana huona aibu kukataa. Hukopa. Akiisha kukopa mara ya pili na ya tatu, kishawishi cha kutafuta fedha kwa njia isiyo halali hukaa mlangoni pake, na mtu mwenye sare na silaha akikubali kishawishi hicho, anayeumia ni raia mnyonge. Hapo dhambi ya kwanza katika yale matatu ya Yohane huwa imezaliwa na ya tatu, na sisi tulishika taa wakati wa kuzaliwa kwake.

Hatusemi kwamba mtoto asiwasaidie wazazi. Amri ya nne yamdai kuwasaidia katika uzee, ugonjwa na upungufu, na askari anayewasahau wazazi wake hana udhuru. Twasema kwamba msaada upangwe kwa ukweli. Mzazi amwulize mtoto kile awezacho, kisha akubali jibu lake. Tena, tusilitaje jambo la fedha katika siku hizo mbili, isipokuwa yeye mwenyewe ameanza. Kwa simu tutazungumza hesabu siku nyingine. Siku hizi mbili ni za kumwona uso.

Jambo jingine liletalo ugomvi ni ndoa. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno zito katika mambo ya nyumba. Basi huenda kijana akawekwa kati ya mama, baba na ujumbe wa mjomba, wote wakitaka kujua ataoa lini, tena ataoa nani. Katekisimu yafundisha kwamba wazazi wana haki ya kutoa shauri, lakini wasimlazimishe mtoto katika kuchagua kazi wala mwenzi wa ndoa. Aidha jeshi lina taratibu zake, nazo huenda zikamchelewesha.

Hapa atufundishe Mtakatifu Monika. Mama huyu Mwafrika, wa Tagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, alimfuata mwanawe Augustino ng'ambo ya bahari mpaka Milano, ambako alifika mwaka 385. Augustino alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwalimu mwenye sifa, lakini mbali na imani. Miaka kadhaa kabla ya safari hiyo, askofu mmoja alikuwa amemshauri Monika aache kumbishia kijana, azidi kumwombea tu. Huko Milano Monika alimtafutia mchumba, na shauri lile halikufika po pote, ndoa haikufungwa. Lakini sala zake zilifika. Augustino alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387, na Monika akafariki mwaka ule ule huko Ostia, safarini kurudi Afrika. Kumbe hata mtakatifu aliweza kubuni arusi isiyofaa; machozi yake mbele ya Mungu ndiyo yaliyofaa.

Kwa sababu hiyo, Jumapili ya ziara iwe na Misa takatifu. Mzazi asianze kwa hukumu: “Nasikia husali siku hizi.” Aseme kwa wepesi: “Kesho tutasali wapi?” Kijana aliyekuwa ameacha kanisa miezi mingi ataona haya kidogo, kisha ataonyesha njia. Na akiwa yuko zamuni saa ya Misa, mzazi aende peke yake na kumwombea, wala asimlaumu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba wanaotumikia nchi katika jeshi wajione kuwa watumishi wa usalama na wa uhuru wa watu, na kwamba wakitimiza vema wajibu huo wanasaidia kweli kudumisha amani. Lakini hati ile ile yafundisha pia kwamba amri iliyo kinyume cha sheria ya Mungu haihalalishwi na utii wa upofu. Ni nani atakayemkumbusha askari ukweli huo kwa sauti aiaminiye? Mkuu wake humfundisha kutii. Mzazi ndiye aliyemfundisha, kabla ya wote, kusema: “Hili ni dhambi, silifanyi.” Heri amwambie tena, kwa upole, kwamba neno lile lingali linasimama.

Limebaki jambo ambalo pande zote mbili huliogopa, yaani kifo. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani 7 Watanzania waliuawa Darfur, nchini Sudan. Tarehe 7 Desemba 2017 wenzao wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama anayeketi na mwanawe Jumapili alasiri huyawaza hayo, na mwana naye huyawaza, lakini kila mmoja hunyamaza ili asimwumize mwenzake. Twashauri kimya hicho kivunjwe, wala si kwa maneno mengi. Kabla ya kuagana, baba au mama amwekee mtoto mkono kichwani, amchore ishara ya msalaba katika paji la uso, kama walivyofanya siku ya ubatizo wake. Ni tendo la dakika moja. Likitokea la kutokea, hakuna atakayejuta kwamba lilifanyika. Nao ni wengi wanaojuta kwamba halikufanyika.

Na wale wasioweza kusafiri, kwa uzee, kwa ugonjwa au kwa kukosa nauli? Yese naye hakwenda, alituma. Jumuiya Ndogo Ndogo zihesabu vijana wao walio jeshini, zikawataje kwa majina katika sala. Na ninyi mnaokaa karibu na kambi, mkimwona kijana mgeni amesimama nyuma ya kanisa peke yake, mkaribisheni chakula cha Jumapili. Labda mama yake yuko Mkuyuni, akimwomba Mungu apatikane mtu wa kufanya hivyo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika jumuiya:

1. Mara ya mwisho tulipozungumza na mtoto wetu aliye mbali, tulianza kwa kumwulizia hali au kwa kumweleza shida zetu?

2. Ni ombi gani letu linaloweza kumfanya asitosheke na mshahara wake wa halali?

3. Katika mtaa wetu, ni mzazi yupi mwenye mtoto jeshini ambaye hana nauli ya kumtembelea, nasi tutamsaidiaje?

Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu walindao mipaka, na awape wazazi wao safari njema ya kwenda na ya kurudi.