Niliyojifunza kwa Kujidunga Sindano ya Msuli

Aliyeondolewa tumbo la chakula kwa upasuaji hukosa protini inayoishika vitamini B12 ili utumbo uifyonze. Akiba ya ini humsogeza miaka kadhaa, kisha damu hupungua, miguu huanza kufa ganzi, na neva zikikaa muda mrefu bila vitamini hiyo huenda zisipone tena. Mimi ni mmoja wa watu hao. Dawa yangu ni haidroksokobalamini, sindano ya msuli, ya maisha. Mwaka 2017, wauguzi wa hospitali za umma walipogoma kote Kenya kwa miezi mitano, sisi tunaoishi kwa sindano tulihangaika kutafuta mtu wa kutudunga. Ndipo nilipoomba nifundishwe. Haya ndiyo niliyoyashika, nikijidungia nyumbani hapa Port Reitz, Mombasa.

1. Sindano za mwanzo ni za kliniki. Mzio mkali kwa dawa hii ni nadra, lakini upo, na nyumbani hakuna adrenalini. Sista alinidunga yeye kwanza, kisha akanisimamia nikijidunga mwenyewe hadi aliporidhika. Anayeanza kwa video ya simu peke yake anajihatarisha bure.

2. Dunga paja, acha makalio. Huku kwetu mtu akisikia sindano huanza kulegeza mshipi, lakini ndani ya kalio mmepita neva kubwa ya mguu, na hakuna awezaye kuona vizuri mgongoni kwake. Nchini Uganda wako watoto waliobaki na ulemavu baada ya kudungwa kwinini makalioni, na kisa chao hakinitoki akilini. Paja liko mbele ya macho yako. Kaa kitini, mguu ulegee. Weka kiganja kimoja chini ya nyonga na kingine juu ya goti. Nafasi inayobaki katikati, upande wa nje, ndiyo mahali pake. Leo paja la kulia, zamu ijayo la kushoto. Penye jeraha, uvimbe au wekundu paache.

3. Ampuli ni kioo. Ishike shingo kwa kipande cha shashi na uivunje kuelekea mbali na uso. Vipande vidogo visivyoonekana huweza kuingia kwenye dawa, kwa hiyo vuta dawa kwa sindano moja, kisha ubandike nyingine mpya ya kudungia. Ikiwa dawa ina chembe au imebadilika rangi, usiitumie. Itakayobaki humwagwa, ampuli iliyofunguliwa haiwekwi akiba.

4. Fuata mpangilio uleule kila mara. Mtaani kwetu maji mara nyingi ni ya mtungi, kwa hiyo namwomba mtu animiminie kwa kopo ninaponawa kwa sabuni. Kuchovya mikono kwenye beseni ni kuirudisha kwenye uchafu uliotoka. Futa ngozi kwa spiriti na uiache ikauke yenyewe, kama nusu dakika. Usiipulize. Ngozi ikiwa bado mbichi, spiriti huingia na sindano na kuunguza. Kisha dunga wima, kwa mkono usiositasita, hadi sindano iufikie msuli. Urefu wa sindano muulize muuguzi wako, maana mwili mnene na mwili mwembamba haitumii saizi moja. Ukiona damu imerudi ndani ya bomba kabla hujasukuma dawa, chomoa, tupa vyote, anza na vipya. Sukuma polepole, takriban sekunde kumi kwa mililita moja. Subiri kidogo, chomoa, gandamiza kwa pamba bila kusugua.

Maumivu ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Ganzi au maumivu makali yanayoshuka mguuni, uvimbe wa moto unaokua, au homa: nenda hospitali siku hiyohiyo.

5. Dawa hii inaharibiwa na mwanga. Ibaki ndani ya boksi lake, mbali na dirisha na mbali na jiko, hasa Februari na Machi joto la Mombasa linapopita nyuzi 30.

6. Mwezi wa Ramadhani najidunga usiku, baada ya tarawehe. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, lilitamka kuwa sindano za ngozi, za msuli na za mshipa hazibatilishi saumu, isipokuwa zile za lishe. Vitamini inaweza kuzua mjadala, na usiku hauna mjadala.

7. Sindano iliyotumika ni jukumu langu bado. Siirudishii kifuniko, kwani hapo ndipo wengi hujichoma vidole. Simwazimi mtu, hata mume wangu, kwa sababu homa ya ini na virusi vya Ukimwi hupitia kwenye damu kidogo isiyoonekana. Sindano inaingia moja kwa moja kwenye chupa ngumu ya Jiki yenye mfuniko wa kukaza, iliyowekwa mahali wajukuu hawafiki. Taka za Mombasa huishia Mwakirunge, na huko wako kina mama na vijana wanaochambua mifuko kwa mikono mitupu wakitafuta plastiki na chuma. Chupa ikifika robo tatu naipeleka kliniki itiwe pamoja na sindano zao zinazongoja kuteketezwa. Jirani yangu wa insulini ananiletea na zake.