Wimbo wa Majonzi: Unakupunguzia au Unakuongezea?

Je, umewahi kusikia wimbo ukahisi kama vile aliyeutunga alijificha uvunguni mwa kitanda chako akisikiliza mawazo yako? Basi somo la leo linakuhusu.

Siku moja nilikuwa na wanafunzi wa kidato cha tatu hapa wilayani Kilosa. Niliwauliza, "Ukiwa peke yako unasikiliza nyimbo gani?" Darasa likalipuka kwa kicheko. Wengi wakataja nyimbo za kucheza. Kijana mmoja aliyekaa nyuma hakusema kitu. Kipindi kilipokwisha akanifuata nje, akaniambia taratibu, "Dada, mimi nasikiliza wimbo mmoja tu. Kila usiku, kwenye simu ya kaka. Tangu mama afariki."

Nilimuuliza ni nani mwingine anayejua. Akajibu, "Hakuna."

Maumivu yanapopata mdundo

Kijana huyu si wa kwanza kukimbilia muziki. Chukua mfano wa dancehall ya Jamaica, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita ragga. Tunaijua kwa kucheza mpaka jasho litoke. Lakini mwaka 1995 Buju Banton alitoa wimbo wa "Untold Stories", ambamo anaimba kwa utulivu kabisa kuhusu shida za watu maskini. Huko London ya Mashariki nako, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana walianzisha grime: mapigo ya haraka, kama 140 kwa dakika, na maneno makali. Mwaka 2003 Dizzee Rascal, akiwa bado kijana mdogo, alitoa albamu ya "Boy in da Corner". Wimbo wa kwanza ni wa kijana aliyekaa tu, akitazama maisha ya mtaani kwao na kuwaza.

Usiende mbali, tuna wetu hapa hapa. Professor Jay, jina lake Joseph Haule, alikuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Albamu yake ya mwaka 2001 aliiita "Machozi, Jasho na Damu". Baadaye alishirikiana na Ferooz katika "Starehe", wimbo wa kijana anayesimulia jinsi maisha ya anasa yalivyomfikisha kwenye UKIMWI. Watu wengi waliusikiliza huku machozi yakiwalenga.

Kisha mwaka 2022 yeye mwenyewe akaugua sana, akalazwa Muhimbili. Alipopata nafuu alitoa wimbo, mwaka 2023, akauita "Siku 462". Piga hesabu: hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na miezi mitatu ya kupigania uhai! Hakuishia kwenye wimbo. Alianzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Maumivu yake aliyatoa kifuani, yakawafikia watu wengine.

Nyuma ya maneno makali kuna nini?

Wavulana wengi hukuzwa wakiambiwa, "Mwanaume halii." Sasa huzuni iende wapi? Inageuka hasira. Ndiyo maana msanii anaweza kusikika kama anagombana na dunia nzima. Hasira mara nyingi ni koti tu. Livue, ndani utakuta woga, aibu, upweke au msiba ambao haukuliliwa. Wasichana nao huambiwa wavumilie, kwa hiyo wengine hucheka mchana na kulia usiku.

Wimbo mzuri wa majonzi unakusaidia kwa namna mbili. Kwanza, unakupa jina la kile unachohisi. Pili, unakuonyesha kwamba hauko peke yako. Hata msibani watu huimba pamoja, na mzigo unapungua kidogo.

Lakini wimbo huo huo unaweza kukuzamisha. Ukiurudia ukiwa umejifungia, kila usiku, huku ukizungusha wazo lile lile kichwani, unakuwa kama mtu anayekwaruza kidonda. Hakiponi.

Jipime

Baada ya kusikiliza wimbo wako, jiulize:

1. Najisikia mwepesi, au mzito zaidi?
2. Natamani kuongea na mtu, au kuwakimbia wote?
3. Nalala vizuri na kula kama kawaida?
4. Bado nafurahia vitu nilivyovipenda, kama mpira, kwaya au kupiga soga?

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Ikikaa siku nyingi mfululizo kwa wiki mbili au zaidi, huku usingizi, hamu ya kula na masomo vikiharibika, huenda ni sonona. Sonona ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa, na unatibika. Siyo uvivu, siyo kukosa imani. Na acha ule utani wa "atapelekwa Mirembe"! Utani huo ndio unaowafanya wenzako wanyamaze. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ufanye nini?

Chagua mtu mmoja unayemwamini: mwalimu mlezi, shangazi, mjomba, kiongozi wa dini. Ukikosa pa kuanzia, mpe asikilize wimbo wako, halafu mwambie, "Hivi ndivyo ninavyojisikia." Unaweza pia kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, au kwa walio Mikumi, Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, na kupiga ni bure. Ukianza kuwaza kujidhuru, au rafiki akakuambia anawaza hivyo, usisubiri kesho na usiifanye siri. Mwambie mtu mzima leo hii, na msimwache mwenzenu peke yake.

Yule kijana je? Tulikwenda pamoja kwa mwalimu mlezi wake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauwasha ule wimbo. Wakausikiliza wote wawili mpaka mwisho. Mwalimu akamuuliza swali moja tu: "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" Ndipo alipoanza kusimulia, na kulia. Niliporudi muhula uliofuata, aliniambia bado anausikiliza, lakini si kila usiku.

Jadili na wenzako

1. Ni wimbo gani uliowahi kusema jambo uliloshindwa kulisema?
2. Je, ni kweli "mwanaume halii"? Kauli hiyo ina madhara gani?
3. Tunga mistari minne kuhusu jambo linalokuuma. Si lazima uisome mbele ya darasa, ila mtafute mtu mmoja umsomee.