Redio ya Ridhaa na Sauti Itokayo Mbinguni

Wasomaji wengi wakisikia neno redio hufikiria taarifa ya habari, muziki na salamu. Lakini wako watu duniani ambao redio kwao si chombo cha kusikiliza tu. Hujitengenezea mitambo yao wenyewe, huchukua leseni ya serikali, kisha huzungumza na wenzao wa nchi za mbali, kwa sauti au kwa alama za Morse, wala hawalipwi hata senti moja. Watu hao huitwa wanaredio wa ridhaa. Kila mmoja hupewa jina la herufi na tarakimu ambalo hana mwenzake duniani. Majina ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, na ya Uganda 5X.

Yafaa kwanza tuelewe mawimbi yenyewe. Mawimbi ya redio huenda kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde. Megahezi moja ni mitikisiko milioni moja kwa sekunde. Basi ukitaka kujua urefu wa wimbi kwa mita, gawanya 300 kwa idadi ya megahezi. Mathalani, kituo cha megahezi 15 hutoa wimbi la mita 20.

Wimbi kama hilo likipanda juu hukutana na tabaka za hewa zilizotiwa umeme na jua, nazo hulirudisha chini kama ukuta unavyorudisha mpira. Ndiyo sababu mtu mwenye mtambo mdogo aweza kusikika ng'ambo ya bahari. Lakini mawimbi mafupi zaidi, kama yale ya mita 2, kwa kawaida hupenya tabaka hizo. Yatokayo chini hupotelea angani. Na yatokayo angani hutufikia sisi.

Sasa tumtazame mtu mmoja aliyeitumia elimu hii maisha yake yote. Grote Reber alizaliwa mwaka 1911 huko Marekani, akakulia katika mji mdogo wa Wheaton, karibu na Chicago. Alipata leseni yake ya redio ya ridhaa angali kijana wa shule, akapewa jina W9GFZ. Mwaka 1933 alihitimu uinjinia wa umeme. Mwaka huo huo habari zilienea kwamba Karl Jansky, mfanyakazi wa maabara za Bell, amesikia mvumo wa redio utokao katika Njia Nyeupe, lile wingu la nyota tulionalo usiku. Wataalamu wa nyota hawakulishughulikia sana jambo hilo. Reber aliona kwamba lisipofanywa na wengine, hapana budi alifanye mwenyewe.

Mwaka 1937 alijenga nyumbani kwao, kwa mikono yake na kwa fedha zake, sahani ya mbao na mabati yenye upana wa zaidi ya mita 9. Sahani hiyo iliweza kuinuka na kuinama tu, nayo dunia ikizunguka iliipitisha mbele ya mbingu. Mchana alikwenda kazini Chicago. Usiku, cheche za injini za magari zilipopungua, alikaa mbele ya mtambo akiandika vipimo.

Hapa ndipo penye somo letu. Reber alidhani mvumo ule watokana na joto. Kitu chenye joto hutoa nguvu zaidi katika mawimbi mafupi. Kwa hiyo alianza na megahezi 3,300, yaani wimbi la sentimita 9. Hakusikia kitu. Akatengeneza mtambo wa pili, wa megahezi 910. Kimya. Mwingine angaliuza mabati yake. Yeye alifikiri hivi: kama ni joto, ningalisikia, sikusikia, basi si joto. Akatengeneza mtambo wa tatu, wa megahezi 160, na kufikia mwaka 1939 aliusikia mvumo wa Njia Nyeupe waziwazi.

Basi kule kukosa mara mbili kulikuwa jibu. Baadaye ilijulikana kwamba sehemu kubwa ya mvumo ule hutoka kwa elektroni ziendazo karibu na mwendo wa nuru, huku zikizungushwa na nguvu za sumaku zilizomo kati ya nyota. Mwaka 1944 Reber alitoa ramani ya mbingu kama redio ionavyo. Mvumo ulizidi upande wa buruji ya Kausi, iitwayo pia Mshale, uliko moyo wa Njia Nyeupe. Sisi wa Afrika Mashariki twaiona buruji hiyo juu sana mwezi Julai na Agosti, kuliko walivyoiona watu wa Wheaton.

Mwaka 1954 Reber alihamia Tasmania, Australia, akaendelea kusikiliza mbingu kwa mawimbi marefu, hata alipofariki mwaka 2002. Sahani yake yahifadhiwa hadi leo Green Bank, West Virginia.

Mwanafunzi, usidhani elimu huanzia kwenye vyombo vya thamani. Huanzia kwenye swali, na subira ya kuandika kila kipimo, hata kile kisichokupendeza. Ukitaka kurusha mawimbi, pata leseni kwanza. Kusikiliza waweza kuanza usiku huu.

Maswali

1. Wimbi la megahezi 160 lina urefu wa mita ngapi?
2. Huko Tasmania, Reber alisikiliza mawimbi ya mita 144. Ni megahezi ngapi?
3. Kwa nini mawimbi hayo marefu hupata taabu kutufikia kutoka angani?
4. Eleza kwa maneno yako jinsi ukimya wa mitambo miwili ya kwanza ulivyomfundisha Reber.