Somo: Kufua Nguo Vizuri Nyumbani

Mara nyingi mama huleta mtoto asiyelala usiku. Mgongoni ana majipu matatu au manne. Tukitazama vizuri twaona tundu dogo katikati ya kila jipu, na ndani yake funza anayepumua. Funza huyo hakutoka kwenye chakula, wala hakutumwa na mchawi. Alitoka katika nguo iliyofuliwa, lakini ikaanikwa vibaya. Basi tujifunze kazi hii tangu mwanzo.

1. Tenganisha nguo.
Nguo za mgonjwa wa kuhara na vitambaa vya mtoto vyenye mavi, weka mbali. Mavi uyatupe chooni kwanza, kisha chemsha nguo hizo. Usizifulie mtoni wala kisimani ambapo watu huchota maji, maana kipindupindu hupita njia hiyo. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

2. Ondoa madoa kabla ya kufua.
Damu na maziwa: loweka mara moja katika maji baridi, kisha paka sabuni. Usianze na maji ya moto. Wajua yai likipikwa huwa gumu. Damu nayo hushika katika uzi ikipata moto.
Mafuta ya ngazi: usianze na maji. Nyunyiza unga wa mahindi unyonye mafuta, uukung'ute, kisha sugua kwa sabuni na kufua kwa maji ya moto kadiri nguo iwezavyo kuvumilia. Rangi nyekundu ikibaki, jua litaifuta pole pole.
Udongo mwekundu: acha ukauke, upige kwa burashi, ndipo ufue. Ukiusugua ungali mbichi, waupeleka ndani zaidi.
Kutu: tia maji ya limau na chumvi, anika juani, kisha suuza.
Maji ya Javel ni kwa nguo nyeupe za pamba tu. Usiyachanganye kamwe na limau wala siki. Hutoa hewa ya sumu yenye kuumiza kifua.
Doa lisipotoka, rudia. Usipige pasi juu yake, maana moto hulifunga.

3. Fua na suuza.
Sugua kola, makwapa na mapindo, maana jasho hukaa hapo. Suuza hata maji yawe safi, kwa sababu sabuni iliyobaki huwasha ngozi ya mtoto.

4. Anika juu, penye jua.
Inzi mwenye funza hao ana rangi ya manjano na hudhurungi. Hupenda kivuli, na hutaga mayai katika mchanga wenye mkojo na katika nguo zenye unyevu. Kwa hiyo usitandaze nguo kwenye majani wala chini ya mwembe. Tumia kamba iliyo juu, penye jua kali. Hapa Kasaji, wakati wa mvua, toka mwezi wa 10 hata mwezi wa 4, nguo hukawia kukauka. Hapo jihadhari zaidi.

5. Piga pasi pande zote mbili.
Mayai huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, na funza mdogo hungoja ndani ya nguo mpaka apate joto la mwili. Hapo huingia katika ngozi. Pasi ya makaa yenye moto humwua. Pitisha ndani na nje, hasa kwenye mishono, mikanda na vitambaa vya mtoto. Shuka usizisahau. Nguo isiyovumilia pasi, ikiisha kukauka kabisa, iweke mahali pakavu majuma 2 kabla ya kuivaa.

Kama mtoto ana funza tayari, usikamue kwa nguvu, maana akipasuka ndani kidonda huvimba. Paka vaselini nzito juu ya tundu. Funza akikosa hewa hutokeza sehemu yake ya nyuma. Mlete mtoto, mwuguzi amtoe bila kumwumiza.

Baba, kazi hii si ya mama peke yake. Funga kamba, kata kuni, leta makaa. Pasi ya dakika chache huokoa usiku mwingi wa kilio.

Maswali
1. Kwa nini damu hailowekwi katika maji ya moto?
2. Inzi hutaga mayai wapi?
3. Nguo zako za jana zilianikwa wapi?