Siku ya Kuzaliwa Mtoto na Kipimo cha Karamu Yake



Tumeletewa barua kutoka Nyeri. Mwandishi wake ni mama wa Kiislamu akaaye mtaa wa Majengo, mzaliwa wa Mombasa aliyemfuata mumewe bara. Asema kwamba binti yake yu karibu kutimiza miaka saba, naye amekwisha kutamka kuwa ataka sherehe kama aliyofanyiwa mwenziwe wa darasani: keki ya ghorofa mbili, maputo, ukumbi wa kukodi na mtu wa kupiga picha. Mwaka uliopita mama huyu aliridhia. Akakopa kwa simu, akalipa kwa muda wa miezi minne, na riba juu yake. Lakini hilo silo lililomtia uchungu zaidi. Lililomtia uchungu ni mtoto wa chumba cha pili, aliyekuwa akicheza na binti yake kila jioni, na siku ile hakuonekana. Mamake alimzuia ndani kwa kuwa hakuwa na zawadi ya kumtia mkononi. Tangu siku ile mama hao wawili husalimiana kwa shingo upande. Basi auliza: afanye sherehe au asifanye? Na akifanya, iwe ya kiasi gani?

Swali hili twaliona ni letu sote, kwani yatokeayo Nyeri hutokea Mombasa, Lamu na Malindi vilevile. Tumelisoma katika darsa yetu mara mbili, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kuhusu kufanya au kutofanya, wanavyuoni wamehitilafiana. Marehemu Sheikh Ibn Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliikataza, akaiona ni jambo lililozuliwa na ni kuiga wasiokuwa Waislamu. Darul-Iftaa ya Misri nayo imeiruhusu, kwa kuiona ni desturi ya furaha wala si ibada, maadamu haina jambo la haramu ndani yake. Mwenye kujizuia asimcheke afanyaye, na afanyaye asimwite mwenziwe mshamba. Hatuna haja ya kurefusha hapa, maana swali zito la mama yetu ni lile la pili.

Tuanze na karamu ambayo haina hitilafu kubwa, nayo ni akika. Siku ya saba mtoto hupewa jina, hunyolewa nywele, na huchinjiwa mbuzi au kondoo: wawili kwa mwanamume na mmoja kwa mwanamke. Nyama huliwa nyumbani na hugawiwa jirani na maskini. Kisha nywele zile hupimwa, na fedha ya uzito wake hutolewa sadaka. Hebu tutazame kipimo hicho. Nywele za kichanga zina uzito gani? Twaweza kuzifumbata kiganjani tusihisi kitu. Na asiyekuwa na uwezo wa mbuzi hana lawama. Namna hiyo ndivyo dini ilivyompokea mtoto duniani, kwa kitu chepesi ambacho maskini na tajiri wote wakiweza.

Keki yenye mishumaa haikutoka kwetu, na hilo halifichiki. Habari zake za mwanzo kwa watoto hutajwa katika nchi za Wajerumani, karne ya 18, na huko ilikuwa ni jambo la nyumbani, baina ya mtoto na jamaa zake. Hata ule wimbo wa Kiingereza uimbwao leo kila pembe ya dunia, sauti yake ilitungwa Kentucky, Marekani, mwaka 1893, na walimu wawili, dada kwa dada, nayo ilikuwa ni ya kuwaamkia watoto shuleni asubuhi. Basi ajabu ni kwamba sisi tumechukua desturi ndogo ya watu, tukaikuza kuliko wao walivyoianza.

Na huko mlimani nako mna mafunzo ambayo mama yetu anayo mlangoni pake. Wazee wa Kikuyu hawakuwa wakihesabu siku ya kuzaliwa. Walihesabu rika, na rika hupewa jina kwa tukio la wakati wake. Lakini asidhani mtu kuwa mtoto hakutukuzwa. Mtoto wa kwanza mwanamume hupewa jina la babu yake mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana kadhalika kwa mabibi. Hivyo mtoto hukua akijua kwamba yeye ni mtu fulani aliyerudi nyumbani, na babu yake humwita kwa utani kama mwenziwe. Heshima hiyo hudumu mwaka mzima, wala haikodiwi ukumbi.

Watu wa Majengo walijengeka juu ya mchanganyiko huo. Waingereza walipoweka boma Nyeri mwaka 1902, nyuma ya askari walifuata wapagazi na wachuuzi, wengi wao Waislamu, na wengine wametoka pwani. Wakaoa huko, wakazaa huko. Leo Majengo ipo Nyeri, ipo Nanyuki, ipo Meru na Embu, na aghlabu nyumba zake za kale ni zile tuzijuazo sisi: vyumba kushoto na kulia, ukumbi katikati, ua nyuma, na kila chumba kina familia yake. Katika nyumba kama hiyo hapana karamu ya siri. Harufu ya keki hupita chini ya kila mlango, na kila mtoto ahesabu maputo.

Hapa ndipo ilipo shabaha ya maneno yetu. Karamu katika ua kama huo ni deni. Mama wa chumba cha kwanza akitoa keki ya ghorofa mbili, amemkopesha mama wa chumba cha pili bila ya kumwuliza, naye atatakiwa kulipa siku ya mwanawe itakapofika. Akilipa, atakopa. Asipolipa, mwanawe atasikia maneno. Kwa hiyo twasema kwamba kipimo cha karamu ya mtoto si mfuko wa mwenye kuifanya. Kipimo chake ni mfuko wa jirani aliye dhaifu kuliko wote katika ua ule: je, yeye aweza kurudisha mfano wake bila ya kukopa na bila ya kuona haya? Kikiwa chaweza kurudishwa, kifanyike kwa furaha. Kikiwa hakiwezi, kipunguzwe, hata kama pesa zipo.

Watatokea wa kusema kwamba mtu ana haki ya mali yake. Kweli anayo. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharr azidishe maji katika mchuzi wake ili jirani nao wapate, na alikitaja kuwa kiovu chakula cha karamu ya arusi waitiwacho matajiri na kuachwa maskini. Na katika Suratul-Furqan waja wa Mwenyezi Mungu husifiwa kuwa wakitoa hawapiti kiasi wala hawafanyi ubakhili, huwa kati na kati. Kati ya watu gani, ikiwa si kati ya jirani?

Sisi watu wa pwani tusijifanye hatuyajui haya. Bibi zetu wa Mombasa waliona vyama vya beni na lelemama vikishindana kwa mavazi na karamu, huyu akimshinda huyu, hata vipuli vikauzwa na nyumba zikawekwa rahani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hata alipofariki mwaka 1947, alikemea sana israfu na kuiga wageni pasipo kuchagua. Mashindano yale yalikuwa ya watu wazima. Ya leo tumewavika watoto, nao hawajui kwamba wanashindana.

Basi mama yetu afanye nini? Twamshauri amwambie binti yake mapema, wala asingoje siku yenyewe, kwamba sherehe itakuwa uani. Waitwe watoto wa nyumba ile wote, na wawili watatu wa shuleni, na kila mama aambiwe waziwazi kuwa zawadi hazipokewi. Neno hili lisemwe kwa ulimi, mlango kwa mlango; likiandikwa tu, watu hudhani ni adabu na huja nazo. Mwenye siku yake awagawie wenziwe kwa mkono wake mwenyewe. Ndugu zake nao wakumbukwe kwa kadiri ile ile siku zao zikifika, kwani kufanya uadilifu baina ya watoto ni amri. Saa iwe ya mchana, khasa mwezi wa saba na wa nane, kwa kuwa baridi ya Nyeri haina mchezo na watoto huja na vazi jembamba. Picha zipigwe kidogo, zikae nyumbani.

Na kitu kimoja tusingependa kikosekane: aliyeshuhudia kuzaliwa kwa mtoto yule, awe bibi, babu au mkunga, akae katikati amsimulie. Ilikuwa masika au vuli? Nani aliyekwenda kuita watu usiku? Nani aliyemwadhinia sikioni? Mtoto wa miaka saba hasahau hadithi ambayo yeye ndiye ndani yake.

Tulimpelekea majibu haya, na barua yake ya pili imetufikia. Asema binti alinuna siku mbili, kisha akaanza kuhesabu wageni wake kwa vidole. Nazi zilipatikana sokoni, ghali kidogo, akapika mkate wa sinia, makaa chini na makaa juu, kama alivyofunzwa na mamake Mombasa; na chai kwa maziwa ya huko, ambayo sisi tunywao ya pakiti twayaonea wivu. Mzee mmoja, babu yake binti mzaa baba, Mkikuyu aliyesilimu ujanani, alisimulia usiku wa mvua ambao gari halikupatikana na mkunga akaletwa kwa miguu akijifunika gunia. Watoto wakamtaka arudie mara ya pili, na ya tatu.

Mtoto wa chumba cha pili alikuja wa kwanza. Baada ya wiki tatu mamake akabisha hodi, akaomba kuazimwa sinia, maana siku ya mwanawe nayo i karibu. Sinia, atuambia mama yetu, bado halijarudi. Limekwisha kupita vyumba vitatu.