Hapa Hatuachani: Somo la Umoja kutoka kwa Waendesha Baiskeli wa Mpakani

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wenzangu wameandika kuhusu methali na fasihi simulizi. Mimi nimechagua watu tunaowapita kila asubuhi tukija shuleni bila hata kuwaamkia, yaani waendesha baiskeli wa bodaboda. Wengi wetu hudhani kazi yao ni kuvizia abiria na kupiga kelele tu stejini. Nia yangu ni kuonyesha kwamba wana elimu ambayo haimo katika silabasi. Ni elimu ya kutoachana njiani.

ASILI YA NENO

Tuanze na lugha, maana hiki ni chama cha lugha. Neno boda limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Miaka ya 1960, hapa Busia, kati ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na ardhi ya katikati isiyo ya nchi yoyote. Mwendo wake ulikaribia kilomita moja. Abiria aliyeshushwa na basi upande mmoja alilazimika kutembea na mizigo yake kichwani hadi upande wa pili. Gari likivuka lilihitaji makaratasi mengi, lakini baiskeli haikusumbuliwa sana. Vijana wakatia kiti cha sponji juu ya keria, wakaanza kuita, "Boda! Boda!" yaani kutoka boda hadi boda.

Neno hilo lilipanda baiskeli likaenda Kampala, Kisumu, Nairobi na kwingineko. Leo latumika hata kwa pikipiki ambazo hazijawahi kuuona mpaka wowote. Ndugu zetu wa Busia ya Uganda husema ni lao, na sisi twasema ni letu. Mimi naona neno la mpakani ni la wote wawili.

Tazama pia sarufi yake. Tukimaanisha chombo, twasema bodaboda imeharibika, bodaboda zimeharibika. Tukimaanisha mtu, twasema bodaboda amefika, bodaboda wamefika. Ni neno moja lenye ngeli mbili, kama vile mtu wa mpakani alivyo na jamaa pande mbili.

HISTORIA KWA UFUPI

Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, bidhaa ziliadimika Uganda. Magendo yakashamiri. Kahawa ilivushwa kuja huku, na bidhaa za dukani zikavushwa kwenda kule kwa njia za panya. Baiskeli ilifaa sana kwa kazi hiyo kwa kuwa haina mlio na hupita palipo na kijia cha mbuzi. Sisifu magendo, nasimulia tu yaliyokuwapo. Mwezi wa Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walifyatuliana risasi hapa Busia, mpaka ukafungwa kwa muda. Mpaka ukifungwa, baiskeli hulala, na watoto pia hulala njaa.

Mwaka wa 2008 serikali yetu iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizofika sisi 250. Pikipiki zikamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua. Halafu Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ili msafiri ashughulikiwe na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Mambo hayo mawili yalisaidia wengi, lakini baiskeli zilipungua. Katika steji ya baba yangu zimebaki tisa.

KAZI YENYEWE

Asiyejua uzito wa kazi hii na ajaribu kupanda mlima akiwa na abiria mmoja na gunia la mahindi. Baiskeli wanayoipenda ni ile nyeusi ya chuma tunayoiita Black Mamba. Ni nzito na haina gia, lakini haivunjiki ovyo. Wakati wa mvua za masika barabara za ndani huwa tope tupu. Tope hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na mwenye baiskeli hushuka akachokoa kwa kijiti.

Kule Malaba kazi ni tofauti kidogo. Huko kuna reli, kuna mto, na kuna malori. Foleni ya malori inaweza kuwa ya kilomita nyingi, kama ilivyokuwa mwaka wa 2020 madereva waliposubiri majibu ya kupimwa korona. Foleni ikiwa ndefu hivyo, turniboi atakayemletea dereva chakula au maji hupanda baiskeli. Waendeshaji hushinda wakienda na kurudi kando ya malori hayo kuanzia alfajiri hadi usiku.

SHERIA AMBAZO HAZIKUANDIKWA

Nimekaa stejini na baba Jumamosi nyingi, nikaandika sheria hizi katika daftari. Hazikubandikwa popote, ila kila mmoja anazijua.

(a) Usimpite mwenzako aliyepata pancha bila kuuliza, "Una solusheni?" Kama hana, mpe kiraka. Kama pampu yake ni mbovu, mpe yako.

(b) Zamu ni zamu. Abiria ni wa aliye mbele, hata kama abiria ni shangazi yako.

(c) Mlimani, anayeshuka mtupu humsukuma anayepanda na mzigo. Hali kadhalika husukumwa wale wenye ulemavu wanaovusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono.

(d) Usiku hakuna Mmarachi, Mkhayo, Mteso wala Msamia. Usiku kuna mwenye taa na asiye na taa. Mwenye taa hutangulia.

Nilipomuuliza mzee mmoja wa steji ni nani aliyetunga sheria hizi, alicheka akasema, "Kijana, ni barabara. Hapa hatuachani. Leo ni mimi, kesho ni wewe."

KISA CHA MKEBE

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, baba alisukumwa nje ya barabara na lori kwenye njia ya Malaba, akavunjika mguu. Lori halikusimama. Wenzake walimbeba kwa mkokoteni hadi penye gari, kisha hospitalini. Nilijua masomo yangu yameisha. Mama huuza omena kwa vikopo, na faida yake ni ya kununua unga tu.

Lakini stejini baba hakufutwa kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, aliyekuwa nyuma yake alimbeba abiria kwa niaba yake, na ile nauli ya shilingi 30 ikatiwa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa kifuniko. Ikawa kama kwamba baba yupo, anaendesha. Hivyo ndivyo walivyofanya kwa wiki sita. Jumamosi ya mwisho walikuja nyumbani wanane, wakaufungua mkebe mbele ya mama na kuhesabu. Zilikuwa shilingi 5,400. Karo yangu ya muhula ikalipwa, na salio likanunua unga. Haba na haba hujaza kibaba, nami niliona kibaba hicho kwa macho yangu.

Walipoondoka nilimkuta baba amegeukia ukutani. Nikadhani ni maumivu ya mguu. Akaniambia jambo ambalo amenikubalia niliandike. Miaka mingi iliyopita, usiku, alimpita mwenzake aliyekuwa amepata pancha njiani. Mwenzake alimwita. Baba aliogopa majambazi, akakanyaga pedali akaenda zake. Yule mwenzake aliporwa mzigo wa watu, na aliulipa kwa mwaka mzima. "Naye alikuwa hapa leo," baba akasema. "Ndiye aliyeushika mkebe." Hawajawahi kuzungumza habari za usiku ule. Tangu siku hiyo nimefahamu kwamba sheria ile ya (a) haifuatwi na watu wema peke yao. Hufuatwa pia na watu waliowahi kuivunja wakajua uchungu wake.

MFANO KUTOKA NCHI ZA THELUJI

Huenda ukasema haya ni ya watu maskini tu. La hasha! Nimesoma habari za mashindano ya baiskeli yanayofanywa wakati wa baridi kali huko Marekani. Jimboni Minnesota kuna mashindano yaitwayo Arrowhead 135, yaliyoanza mwaka wa 2005. Umbali wake ni maili 135, yaani karibu kilomita 217, juu ya theluji. Kule Alaska, Iditarod Trail Invitational huwafikisha wengine hadi mji wa Nome, mwendo wa maili 1,000 hivi. Baiskeli zao zina tairi nene kama mkono wa mtu, inchi 4 au zaidi, ili zisizame. Katika Arrowhead kila mshindani hubeba jiko na mfuko wa kulalia, kwa sababu akikwama usiku bila moto anaweza kufa kwa baridi.

Wale hushindana, na hawa wetu hutafuta unga. Hata hivyo jambo moja linawaunganisha. Mahali ambapo msaada uko mbali, aliye nyuma yako hawezi kuwa adui yako tu, kwa sababu huenda ndiye mtu pekee atakayekukuta umeanguka. Theluji yao na tope letu hufunza somo moja.

DOSARI YA UMOJA

Mwandishi mkweli hasifu tu. Umoja bila haki ni hatari. Pikipiki ikigongana na gari, pengine wenzake hujaa mahali hapo na kumshambulia dereva kabla ya kuuliza nani mwenye kosa. Huo nao ni umoja, lakini ni umoja wa kundi dhidi ya mtu mmoja. Umoja wa mkebe ulimwuliza aliyeanguka, "Unahitaji nini?" Huu mwingine hauulizi kitu. Tusichanganye mambo hayo mawili.

TAMATI

Baiskeli huenda zikaisha katika steji zetu. Baba mwenyewe, kwa mguu wake ule, hajui kama ataendesha mwaka ujao, na abiria wenye haraka hawamchagui. Mimi sitarithi baiskeli yake, wala yeye hataki. Ila zile sheria nne nazitaka. Darasani tunapitana kila siku. Mwenzetu akikosa hesabu twafurahi kwamba nambari yetu imepanda. Je, ni nani kati yetu husimama na kuuliza, "Una solusheni?"

ZOEZI

1. Tunga sentensi mbili ukitumia neno bodaboda katika ngeli mbili tofauti.
2. Eleza tofauti ya maana: "Twende mpaka sokoni" na "Twende mpakani."
3. Mtaje mtu uliyempita njiani. Usituandikie jina lake. Nenda ukamwone.